Dawa Iliyobaki Kwenye Koti Langu

Majina ya watoto wetu yalitoka siku tuliyokuwa tunapukuchua mahindi uani. Mtoto wa marehemu kaka yetu ndiye aliyeyaona kwenye simu. Alikuwa amekaa juu ya gunia, akasogeza kidole, akasogeza tena, kisha akasimama wima na kumpigia shangazi yake saluti.

"Afande shangazi! Tumepangwa kambi moja, mimi na dada!"

Dada yangu, mwenye nyumba ile, alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia juu ya ua. Alikuwa amemlea huyo kijana pamoja na binti yake wa kumzaa, wakavaa sare za rangi moja, wakamaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Sasa walikuwa wanaitwa kwenye mafunzo ya jeshi ya miezi mitatu, kama wenzao wa rika lao. Binti hakupiga kelele. Alinitazama mimi, halafu akaendelea kupukuchua.

Mimi nilikuwa mgeni mle ndani. Nina miaka arobaini na kitu, na sijakaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili tangu nilipomaliza shule. Nimekausha tumbaku Namtumbo, nimebeba magunia, nimeuza mitumba, na mwaka ule mzee mmoja wa Nalasi alikuwa ananisubiri nikampulizie dawa mikorosho yake. Nilipitia kwa dada, Msamala, pale Songea, kama ninavyopitia siku zote, nile, nilale wiki mbili, niulizie gari la Tunduru.

Kesho yake binti alinifuata kisimani nilikokwenda kuchota maji.

"Mjomba, nina kitu nataka unishikie."

Alitoa kichupa cha bluu, ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, kimefungwa ndani ya barua yenye muhuri wa hospitali. Alikwenda kliniki mwenyewe bila mama yake kujua. Daktari alimpima, akampa dawa, akamwandikia barua ya kuonyesha kambini. Bila hiyo barua, binti alisema, wakikagua mabegi getini wanaichukua dawa yoyote wanayoikuta, na hakuna atakayejua kwamba hapaswi kukimbizwa wakati wa baridi.

"Kwa nini usimwambie mama?"

"Mjomba na wewe! Unajua kabisa."

Nilijua. Mtaani kwetu nyumba za Wakatoliki zilizo karibu zinaunda jumuiya, na kila Jumamosi asubuhi tunasali kwenye nyumba mojawapo. Mwenye jambo alilojaliwa na Mungu husimama akashuhudia, na huleta chochote tule pamoja. Binti huyu alikuwa na pumu tangu ana miaka minne. Dada alisali novena juu ya novena, zile sala za siku tisa, akafunga, akatembea kwa miguu mpaka abasiani kwa watawa. Kisha miezi minane ilipita mtoto hajabanwa hata mara moja. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka dada alisimama mbele ya jumuiya, akasema mwanangu amepona, hatahitaji dawa tena. Alileta jogoo mkubwa. Watu walilia, wakaimba, wakala.

Tangu siku ile hakutaka kukiona kichupa cha bluu ndani ya nyumba. Cha zamani alikitoa kwenye begi la shule la binti yake, akakitupa. Alisema ukishashuhudia mbele za watu halafu ukarudi kukishika kile ulichoshuhudia kwamba umekiacha, ni sawa na kumwambia Mungu humwamini.

"Mimi Mungu namwamini, mjomba," binti alisema pale kisimani. "Ila na kifua changu nakijua. Mama analipanga begi mwenyewe, analifungua kila siku kuhesabu soksi. Kaa nacho wewe. Unipe stendi nikishapanda gari."

Nikakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti langu.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa mabegi mawili tu. Bukta za bluu, raba, shuka za rangi ya bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, ndoo. Kijana alikuwa anajifundisha kutembea kwa kwata kama askari kutoka jikoni hadi chooni, na dada alikuwa anamcheka: "Hao makuruti wenzako watakuja wamekomaa, wewe mguu kama wa korongo!" Binti alicheka pia, lakini nilimwona Jumatano akigeukia ukuta na kukohoa kidogo, mdomo kaufunga kwa kanga. Ilikuwa Juni, na baridi ya Songea mwezi huo haichezewi.

Ijumaa alfajiri tulipiga magoti sebuleni. Dada alichovya kidole kwenye chupa ya maji ya baraka, akawachora msalaba kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine, akawavisha rozari. "Mkiambiwa mzivue shingoni, zivueni. Mtii. Rozari hata mfukoni inasali." Simu ya binti ilibaki nyumbani. Kijana alibeba kitochi, simu ndogo ya vibonye ya kutumia njiani, ambacho angekikabidhi getini.

Dada aliagana nao mlangoni, nami nikawasindikiza. Stendi kulikuwa na ukungu na watoto wengi wa rika lao, kila mmoja na ndoo yake. Nikiwa nimeshika begi la binti, mtu akanipiga bega kwa nyuma.

"Wewe! Bado hujafa?"

Alikuwa mwenzangu wa kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku Namtumbo. Tulilala pamoja msimu mzima kuchunga moto usizimike. Sasa anakata tiketi.

"Nife na deni la nani?" nikamjibu.

Tukacheka. Akaniuliza kama nakumbuka lile bani lililoungua, nikamwambia lililoungua ni kwa sababu yeye alikuwa usingizini, akakana, akamwita mpiga debe awe shahidi ingawa mpiga debe hakuwepo. Nilinogewa. Kumbukumbu za kazi za zamani zinanishika kuliko pombe inavyonishika. Nilipogeuka, begi halikuwa mkononi tena. Kijana alikuwa ameshalichukua na kulipakia, na basi lilikuwa linatoka. Binti alikuwa dirishani, mkono nje, ananiita. Nilidhani anaaga. Nikapunga mkono kwa nguvu, na mwenzangu naye akapunga.

Nilifika karibu na nyumbani ndipo nikaingiza mkono kwenye koti kutafuta kiberiti.

Nilikaa chini pale pale barabarani, juu ya tofali. Nikapiga kitochi cha kijana. Hakikupatikana. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kambi, ikaita mpaka ikakatika. Mchana kijana alipatikana, gari limesimama Makambako watu wanakula.

"Baba mdogo, dada anasema usimwambie mama. Anasema yuko salama."

"Mpe simu."

Alipoichukua nilisikia kwanza pumzi yake. Haikuwa mbaya, ila ilikuwa na ule mluzi mdogo mwishoni.

"Nilikuita, mjomba," akasema.

Dada nilimkuta uani kwenye mahindi yake. Nilimwambia nimekosea. Akaniuliza kama nimekunywa. Nikakiweka kile kichupa na barua juu ya mahindi mbele yake, nikaeleza kila kitu.

Alianza kwa Kingoni, lugha anayokimbilia akikasirika, na sikumkatiza. Kisha akatulia.

"Alikwenda hospitali mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ili mimi nisijue."

"Ndiyo, dada."

Vidole vyake viliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinadondoka moja moja.

"Jumatano alikohoa," akasema. "Nilimsikia. Nikajiambia ni vumbi la mahindi."

Jioni hakula. Alisali rozari nzima, nami nikapiga magoti nyuma yake kama nilivyofanya utotoni, nikijua kwamba kila saa basi lile linasogea kwenye geti ambalo simu haivuki. Tulipomaliza, dada alisema hajui mtu hata mmoja katika mkoa ule wenye kambi. Wanajumuiya ndio wenye ndugu kila mahali. Lakini kuwaomba wao msaada ni kuwaambia kwa nini anauomba.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumba ya pili kutoka kwetu. Baada ya masomo, mwenyekiti, mzee aliyestaafu ualimu, aliuliza kama ilivyo desturi nani ana neno. Dada alisimama. Alikuwa amekishika kile kichupa wazi wazi, watu wote wanakiona.

"Nilisimama mbele yenu baada ya Pasaka," alisema. "Nikasema mwanangu amepona. Sikudanganya, miezi minane hakubanwa. Lakini niliongeza la kwangu. Nilisema hatahitaji dawa tena. Hilo Mungu hakuniambia. Nililisema mwenyewe kwa sababu ya furaha, na baadaye nikalishikilia kwa sababu mlikuwa mmelisikia. Sasa mtoto yuko kambini bila dawa. Naomba msaada."

Mzee alishusha miwani akaifuta. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango, natamani niwe Nalasi, niwe popote. Nilidhani sasa mtu atasema neno ambalo dada hatalisahau.

Aliyesema ni mama mmoja muuza vitumbua, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona.

"Kwa hiyo mama, yule jogoo tuliyemla tumrudishe vipi?"

Mtu mmoja alicheka, halafu wote. Dada naye alicheka huku machozi yanamtoka, akakaa kitako chini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama wa vitumbua alikuwa ameshatoa simu kwenye kifundo cha kanga.

"Mdogo wangu ni mtawa, nesi kwenye zahanati ya parokia mji ule ule wenye kambi. Anaingiaga kambini kuwatazama makuruti wetu. Subirini."

Sauti ya yule mtawa ilitoka kwenye spika, nyuma yake watoto wanalia. Aliuliza maswali ya kinesi, akasema dawa sawa na hiyo anaweza kuitafuta, ila barua yenye muhuri ndiyo itakayomwondoa mtoto kwenye mbio, na anaitaka yenyewe, mkononi. Basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka. Kutuma kifurushi kungengoja kesho.

Dada alinigeukia mbele ya watu wote.

"Umezunguka nchi hii miaka ishirini bila kutumwa na mtu," akasema. "Leo nakutuma."

Niliondoka na gari dogo la Njombe kabla ya saa nne. Mwenyekiti aliniwekea mikono kichwani, na nilivyo mrefu ilibidi niiname. Njiani nilimpigia mzee wa Nalasi kumwambia sitafika wiki hii. Akasema, "Mtoto kwanza, bwana. Mwenyezi Mungu amsalimishe. Mikorosho haiendi popote." Nimesafiri sana, lakini nilikuwa sijawahi kusafiri nikitaka kufika. Kila gari liliposimama watu wanunue viazi, nilitaka kumshika dereva shati. Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti muda wote.

Jumatatu asubuhi mtawa alinikuta stendi ya mji ule, mwanamke mdogo wa mwili, anatembea haraka. Kambi ilikuwa mbele ya mashamba ya alizeti. Mlinzi wa geti alimsalimia yeye, akaniambia mimi nisubiri ng'ambo ya barabara. Nikampa sista kichupa na barua. Mkono wangu ulibaki mtupu, nikaona kama nimevuliwa kitu.

Nilisubiri kama saa nzima. Makuruti walitoka getini wakikimbia kwa safu, bukta za bluu, vichwa vyote vimenyolewa, wanaimba. Mamia ya watoto wa watu, na sikuweza kumjua hata mmoja. Kisha aliyekuwa anaanzisha wimbo alipandisha sauti, na nikaijua ile sauti. Ni ya kijana wetu, iliyofundishwa kwenye kwaya ya parokia. Alikuwa anaongoza wenzake kama yuko kwenye Misa ya Krismasi. Nilimtafuta binti pembeni yake, safu kwa safu, hadi ya mwisho ikapita. Hakuwemo.

Niliogopa kwa namna ambayo siwezi kuiandika vizuri. Nilisali Salamu Maria nikakosea katikati, nikaanza upya, nikakosea tena.

Sista alipotoka alikuwa anatembea polepole kidogo, na nilivuka barabara bila kutazama magari.

"Yuko hai, yuko hai, tulia," akasema. "Jana alibanwa. Mwenzake alipiga kelele mpaka maafande wakaja, wakampeleka zahanati ya kambi, akatulizwa. Amelala, anakula uji. Daktari wao amesoma barua. Atabaki, ila hatakimbia. Atawekwa jikoni na bustanini."

Nilimuuliza kama kuna neno amesema.

"Amesema umwambie mama yake asiufute ushuhuda. Anasema ile miezi minane ilikuwa ya kweli." Sista alifikiri. "Na amesema wewe, mjomba, utamkoma akirudi."

Nilimpigia dada nikiwa bado nimesimama pale kando ya alizeti. Nilimweleza yote mpaka mwisho, hata lile la kunikomesha. Nyuma yake nilisikia mahindi yanadondoka kwenye beseni.

"Nywele wamemnyoa?" akauliza.

"Sikumwona, dada. Wenzake wote wamenyolewa."

"Na baridi hii," akasema. "Nenda sokoni hapo hapo. Mtafutie kofia ya sufu, umpe sista. Halafu urudi nyumbani. Jumamosi jumuiya inasali kwetu, na safari hii jogoo utamkamata wewe."