Nadharia ya Boriti

Ukitaka kujua thamani ya shahada ya uzamili ya kemia mtaani Kibokoni, Mji wa Kale, keti barazani kwetu baada ya sala ya alasiri. Mwaka wa kwanza majirani walinipongeza. Mwaka wa pili wakaniuliza nitafungua lini duka la dawa. Mwaka wa tatu jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima aliyenipakata nikiwa mchanga, aliniarifu kwamba mpwa wake alihudhuria semina ya siku mbili tu na sasa auza sabuni ya maji kule sokoni Marikiti.

"Siku mbili, mwanangu," akarudia, akiniangalia kwa huruma. "Na weye mwaka wa tatu huu, hujatengeza hata ya kuoshea sahani."

Nikamweleza kwamba mimi sisomei kutengeneza, nasomea kuchunguza. Akasema pole, Mungu atanifungulia.

Nilikuwa nikichunguza maji ya visima. Uzamili wa utafiti hauna darasa wala kengele. Una wewe, msimamizi wako na swali moja, na mnalizungukia swali hilo mpaka mmoja wenu achoke. Swali langu lilikuwa jepesi kulisema: ndani ya maji ya visima vyetu mna nini? Chuo kilikuwa kimeshaniongezea muda mara mbili, na sasa kimeniandikia barua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Nisipowasilisha tasnifu kabla ya mwaka kwisha, jina langu litafutwa. Barua ile niliificha kabatini chini ya nguo za Idi, nisimpe mama wasiwasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa na chupa kumi na mbili za kioo cha kahawia. Nilizioshea maabara kwa asidi, kisha kwa maji safi ya maabara, bila kugusa ndani hata kwa kidole. Maabara iko ng'ambo ya daraja na hufunguliwa saa mbili asubuhi, na mimi nilitaka kuteka kabla watu hawajaanza kuyavuruga maji. Kwa hivyo nilizileta nyumbani siku moja kabla, zikalala kwenye rafu ya jikoni. Baada ya sala ya alfajiri nikachukua kapu nikazunguka kisima kwa kisima, vingi vikiwa vya misikiti. Chupa ya kisima cha mtaa wa Bondeni iliniponyoka ikavunjika. Kesho yake nikarudi na nyingine, niliyoitoa maabara moja kwa moja.

Chuo kina mashine ambayo hutenganisha vitu vilivyomo majini na kuvichora karatasini kama vilima. Hufanya kazi wiki moja, kisha huugua tatu. Siku ilipopata afya, visima kumi na kimoja vilitoa vilima vile vile, virefu, na kitabu cha marejeo kikasema hivyo ni vitu vya utomvu wa miti. Bondeni havikuwapo. Kwenye chupa ya maji safi niliyoiacha maabara makusudi kwa kulinganishia, havikuwapo pia.

Msimamizi wangu ni mtu ambaye sura yangu ya pili ilikaa mezani kwake mwaka mzima ikishikilia kikombe cha kahawa. Siku nilipompelekea vilima, alinipigia simu mwenyewe, tena Jumapili. Alikuwa amepata nadharia. Dari za nyumba za Mji wa Kale zimeshikiliwa na boriti za mikoko, boriti zina utomvu, mvua imezinyeshea karne kwa karne, utomvu umepita kwenye kuta za mawe ya matumbawe ukashuka mpaka visimani.

"Na Bondeni je?" nikauliza.

"Bondeni siku hizi ni saruji!" Nikasikia akipiga meza. "Unaona? Inathibitisha!"

Akaniagiza niiondoe sura yangu ya chumvi na naitreti. Naitreti, kwa wasioijua, hutokana zaidi na kinyesi, na sura hiyo ilionyesha kwamba mashimo ya vyoo yanavujia visimani. Alisema jambo hilo halina upya. "Choo hakimpeleki mtu kwenye kongamano," alisema. Muhtasari wa kongamano la Ulaya alikuwa ameshauandika, jina lake mbele, langu nyuma.

Je, niliamini? Boriti za nyumba yetu ziko juu ya kichwa changu tangu kuzaliwa, na sijaona zikidondosha kitu ila vumbi na choo cha mijusi. Lakini nilikuwa nimechoka, na barua ilikuwa kabatini. Nilitaka kuamini, nikaamini. Nikaandika kurasa arubaini juu ya boriti, kwa lugha nzito ambayo mimi mwenyewe nilihitaji kuisoma mara mbili.

Ilibaki wiki tatu niwasilishe. Siku hiyo nilikuwa nimeleta chupa nyumbani kwa mzunguko wa pili na wa mwisho, na shangazi yangu akaja kututembelea. Mama akaingia jikoni kumchukulia maji. Nilimfuata nimsaidie na sinia. Akatia ubani kwenye makaa ya chetezo, akaifudikiza gilasi, mdomo chini, juu ya moshi, akaiacha kidogo, kisha akatia maji. Ndivyo anywavyo mgeni kwetu, na nimeona hivyo tangu nina akili. Sikuwa na la kushangaa. Kisha, kwa kuwa moshi ungali unafuka, mama akanyoosha mkono rafuni akachukua chupa yangu ya kwanza, akaifungua, akaifudikiza juu ya chetezo.

"Mama! Wafanya nini?"

"N'nazifukiza."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuzileta." Akachukua ya pili. "Kila mara wazileta zanuka dawa, halafu waenda kuzitia maji ya msikiti? Wataka watu waseme hukulelewa?"

Nikaketi juu ya mbuzi ya nazi, nikakumbuka ina meno, nikainuka. Utomvu wa miti ulikuwa ubani, maana ubani nao ni utomvu uliokauka. Karne za mvua zilikuwa mama yangu. Bondeni ilikuwa safi kwa sababu chupa yake haikupita jikoni kwetu. Nilitaka kumkaripia nikashindwa. Mtu hukaripiwa kwa uzembe, na yeye zile chupa alizitunza kuliko nilivyozitunza mimi.

Siku mbili nikapiga hesabu. Nikinyamaza, nina shahada. Nani Ulaya ajuaye mambo ya chetezo cha Kibokoni? Nikisema, sura bora ya tasnifu yafa, na huenda mimi nikafa nayo. Siku ya tatu nikaichukua chupa moja aliyoifukiza mama, nikaitia maji safi ya maabara, nikaipeleka kwenye mashine. Mashine, ambayo siku zote huugua nikiihitaji, siku hiyo ilikuwa nzima kabisa.

Nikaenda ofisini kwa msimamizi nikabandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likipenya. Vilima vililingana. Nikamweleza habari ya ubani. Akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama."

"Mama si mtahini." Akavua miwani akaifuta. "Kwa mashine yetu, siku zilizobaki hazitoshi kurudia visima vyote, na hilo unalijua. Ukiondoa utomvu, umebaki na nini?"

"Choo," nikasema.

Sikuwa shujaa. Lakini nilijua kwamba kila nitakapoona gilasi imefudikizwa nitaona aibu, na kwetu gilasi hufudikizwa kila siku. Nikamwambia nitaandika ukweli. Hakunizuia. Aliwaandikia watu wa kongamano kwamba muhtasari umeondolewa kwa sababu za kifamilia, na kwa kweli hakusema uongo.

Moshi hauongezi chumvi wala naitreti. Nilizipima tena kwenye chupa ya mama na sikuona kitu, kwa hivyo sura ya choo ilisimama. Nikaifufua, nikaipanua, nikaandika usingizi ukiwa kitu cha kusikia kwa watu. Mtahini mmoja aliniuliza niliosha vipi chupa. Nikamjibu yote, akacheka mpaka akatoa leso. Walinipasisha kwa marekebisho madogo.

Siku niliyoleta kitabu nyumbani, kimejalidiwa kwa rangi ya bluu na jina langu kwa dhahabu, mama alifuta mikono kwa kanga ndipo akakishika. Alikipapasa, akakinusa, akanirudishia.

"Haya, nisomee. Chasema nini?"

"Chasema maji ya visima yana chumvi nyingi, na maji ya vyoo yaingia ndani."

"Hata kisima cha msikiti wetu?"

"Hata hicho."

Hakushtuka. "Yanuka, mwanangu. Kwani wadhani twayafukiza kwa nini? Bibi yako alifukiza, na mamake alifukiza. Ungeniuliza ule mwaka wa kwanza." Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akakaa juu ya kitanda akanikazia macho, namna alivyonikazia nilipokuwa mtoto nikirudi kutoka chuo cha Kurani na juzuu mpya.

"Mfereji wa jikoni watoa maji siku moja kwa wiki," akasema. "Sasa tunywe nini?"

Nikafungua sura ya mwisho, ya mapendekezo. Niliiandika kwa haraka, kwa maneno ambayo kila mtu huyaandika pale. Nikamsomea: "Utafiti zaidi unahitajika."

Mama akangoja, akidhani kuna ukurasa mwingine. Alipoona nimekifunga kitabu, aliinuka akaenda jikoni. Nikasikia harufu ya ubani. Alirudi na gilasi ya maji, akanipa kwa mikono miwili, kama mgeni.

Nilikuwa na kiu. Nikanywa.