Vitenge vya Clarisse kwenye ufuko wa Baraka

Clarisse anauza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, sokoni Baraka. Ukimwona leo anafukuza nzi kwa kipande cha katoni, hutajua kwamba aliwahi kumlowesha mkubwa suruali mbele ya mji mzima. Nilikuwepo, na bado nafurahi.

Ulikuwa msimu wa mashindano ya kitaifa ya timu za ridhaa. Wakati huo, timu ikirudi kwa boti kutoka mechi ya mbali, kina mama walitandika vitenge kutoka majini hadi mchanga mkavu. Clarisse ndiye aliyeanzisha wimbo. Alimwita kila mtu kwa jina, na asiyeitwa hakushuka. Leo vijana wanarudi kwa pikipiki, macho kwenye simu, na hakuna anayetoka nyumbani kuwatazama.

Siku ya kwenda kucheza Kalemie, Darius, prezida wa timu, alimshusha botini Vainqueur, mtoto wa pekee wa Clarisse, beki aliyecheza mechi zote. Nafasi yake alimpa mtoto wa dada yake.

"Prezida, mutoto yangu alikosa nini?" Clarisse aliuliza.

"Boti imejaa, mama. We rudia ku ndagala zako."

Watu walicheka. Clarisse hakulia. Alifunga kitenge chake upya, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Timu ilishinda. Iliporudi, ufuko ulijaa watu. Clarisse aliimba, akamwita kipa, akawaita wachezaji wote, hata yule mpwa wa Darius, kwani kijana hakuwa na kosa. Kisha akakata wimbo. Kina mama wakainama, wakaanza kukunja vitenge.

Darius alibaki botini peke yake, suti nyeusi, viatu vinang'aa.

"Mama Vainqueur, na mi?"

"Wimbo yako tuliiacha hapa ku muchanga, siku ulimuacha Vainqueur. Shuka tu, prezida! Maji haina meno!"

Safari hii kicheko kilikuwa cha Clarisse. Darius alisubiri, akaangalia huku na huku, mwishowe akatumbukia hadi magotini. Viatu vyake vililia kila hatua mpaka barabarani.

Mechi iliyofuata, Vainqueur alikuwa wa kwanza kupanda boti. Clarisse hakushukuru, wala hakusamehe. Msimu wote, zamu ya Darius ilipofika, vitenge vilikunjwa.

Sasa Darius anashuka kwenye pikipiki popote, miguu mikavu, bila kuitwa na mtu. Hilo ndilo linaloniuma. Desturi yetu imekufa, na adhabu yake imekufa nayo.