Mafuta ya Ng'ombe Shingoni

Maji ya Ziwa Kivu si barafu. Mgeni huruka ndani akicheka, akatoka baada ya dakika kumi akiyasifu. Lakini kaa humo saa mbili, mpira wa hewa mdomoni, umeshikilia nondo, ukichomoa chupa na vigogo vya migomba vilivyoziba vyuma vya bwawa la umeme, ndipo utajua baridi inavyomwingia mtu polepole mpaka vidole vikatae kukunjika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hapa Rusizi, miaka ile ya vita vya ng'ambo ya mpaka, mimi Mnyarwanda niliyezaliwa Bukavu na kurudi kwetu nikiwa mtu mzima. Na nilikuwa nimetoka kuugua nimonia. Muuguzi aliniambia bila kuzunguka kwamba kifua kikishikwa tena, huenda nisiinuke.

Kwa hiyo fundi wa kizungu alipoleta nguo mbili za kuzamia, kuukuu, kutoka nchi zenye theluji, akaniambia nichague moja, nilijua ninakichagulia kifua changu.

Ya kwanza ilikuwa mpira mzito unaobana mwili. Maji huingia, yakakaa kati ya mpira na ngozi, na mwili ukayapasha moto wenyewe. Ya pili ilikuwa kama gunia lenye miguu. Haliingii tone, ndani unavaa sweta na soksi zako, na shingoni na kwenye vifundo vya mikono kuna pete za mpira mwembamba zinazokaba. Fundi alieleza kwamba ile ya kwanza ikichanika utasikia baridi tu, ila hii ikichanika itajaa maji na wewe ndani. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja: kavu. Tena, niseme ukweli, nilipenda kutoka majini na shati lililopigwa pasi. Wanawake wa Mururu waliopita na vikapu walisimama kutazama, nami nilivua taratibu ili waone vizuri.

Tabu ilikuwa pete ya shingo. Ilikwaruza, ikanivuta masikio. Kwetu, kitu kikikwaruza ngozi, dawa ni mafuta ya ng'ombe, yale yale niliyopakwa tangu nikiwa mgongoni. Nikajipaka kila asubuhi, shingoni na mikononi, na kichwa kikapita kama cha ndama anayezaliwa. Nilijiona mjanja kuliko fundi. Baada ya wiki chache mpira ulianza kunata. Nikaongeza mafuta.

Kamba niliyofungwa nikizama ilishikwa na mzee mmoja, Mushi kwa kabila, aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu. Wakati ule watu wa ng'ambo hawakuwa na sababu ya kutupenda sisi Wanyarwanda, na wenzangu waliniuliza ninawezaje kumwachia roho yangu. Kuna siku hata mimi nilijiuliza. Kanuni ilikuwa nivute kamba mara tatu, ndipo anipandishe.

Siku ile pete ilipasuka nikiwa chini kabisa. Maji yalishuka toka shingoni hadi kwenye soksi, hewa ya ndani ya gunia ikatoka yote, na mkondo ukanigandamiza kwenye vyuma. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania nondo. Nikiachia mmoja nivute kamba, ninakwenda na maji. Niliogopa. Sina neno la heshima zaidi la kusema.

Kamba ikakazika yenyewe.

Mzee alinivuta hadi juu ya ukuta wa bwawa, akapasua miguu ya lile gunia kwa kisu maji yatoke, akanivua, akanifunika kwa koti lake.

"Papa, sikuvuta kamba," nilimwambia, meno yakigongana.

"Najua. Weye unatikisikaka saa yote kule chini. Leo kamba ilinyamaza." Akainama, akanusa. "Ulipakala nini ku shingo?"

"Mafuta ya ng'ombe."

"We! Kauchu haipendake mafuta!"

Kwao kauchu ni mpira, na mafuta huuozesha. Alicheka mpaka akakaa chini, huku bado ananisugua kifua kwa koti.

Kifua hakikushikwa. Nilichukua ile nguo ya kwanza, ya kulowa, na kila asubuhi maji ya kwanza yaliposhuka mgongoni nilitukana kidogo, kisha nikazoea. Wenzangu hawakuniuliza tena habari za mzee. Siku ambazo mpaka ulifungwa, nilimwambia mkuu wa kazi kwamba sizami, akanuna, nikakaa ukutani mpaka jioni.

Sikumshukuru ipasavyo. Nilisema merci, basi, nikikwepa macho yake kwa aibu ya mafuta. Yeye alijua wajibu wake ni kungoja ishara, na angengoja hakuna ambaye angemlaumu, si huku wala kwao. Hakungoja. Asubuhi ile nilikuwa baba wa watoto watatu. Leo ninao watano.