Wekundu wa Korongo la Maganzo

Kwa picha za harusi hapa Shinyanga sina mpinzani, lakini picha ninayojivunia hasa ni ya korongo jembamba kule Maganzo. Jua la mchana lilipenya, kuta za mawe ya mchanga zikawaka nyekundu kama kaa la moto. Niliduwaa, hata juu sikutazama. Nikaikuza picha, nikarudi nayo kijijini, nikawahutubia wenyeji kama profesa: "Tazameni rangi ambayo jiwe lenu limewaficha miaka yote!"

Wakapiga makofi. Mama Kulwa, ambaye nyumba yake iko ukingoni mwa korongo, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, siku ile ulipokuja nilikuwa nimeanika shuka zangu nyekundu kwenye kamba, juu ya korongo. Leo nimeanika za kijani. Kapige tena."