TIN za watu zilikuwa kwenye simu yangu, simu ikazama kisimani

Wakuu, wa kuamkiwa shikamooni, na nyie wengine wote marahaba, maana najua humu wengi ni wajukuu zangu.

Mimi ni bibi wa Bugarama huku Msalala. Shule niliishia darasa la pili. Herufi nazijua ila zinanichosha, kwa hiyo naongea na simu, simu inaandika. Mkikuta neno limeruka, mlaumuni yeye.

Hiki ninachosimulia sikuambiwa na mtu. Kimenipata mimi na vidole vyangu hivi hivi.

Tuanzie kwenye ofisi.

Mjukuu wangu Minza alisomea uhasibu. Akatafuta ajira weee, hakuna. Akarudi kwangu akasema, "Bibi, nipe sebule." Nikampa. Akaweka meza, kompyuta, printa, na nje akatundika bango: TIN, MAKADIRIO, RITANI. Viti vyangu vikahamia barazani, na mimi nikahama navyo.

Kazi yake ni kuwajazia watu mambo ya kodi kwenye mtandao. Wenye maduka, mamalishe, mafundi, wenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu.

Msidhani ni kazi nyepesi.

Watu wetu wanakuja siku ya mwisho. Mwezi mzima barazani tunaangaliana mimi na kuku, halafu siku ya mwisho foleni inafika barabarani.

Risiti wanaleta kwenye mfuko wa mbolea, zimechanganyika na dagaa. Umeme ukikatika wanamwangalia Minza kama kaukata yeye. Mtandao ukigoma wanamwambia, "Si ulisema umesoma?"

Wengine wanadhani yeye ndiye serikali. Kuna mzee mmoja alifika, akamwona Minza na miwani yake na faili mkononi, akageuza baiskeli. Nilimkimbilia mpaka njia panda namwita kwa Kisukuma, ndo akarudi. Akakaa ila baiskeli hakuiachia.

Ndo kazi yangu hiyo. Mtu akija namsalimia mwangaluka, nampa kiti, nampa maji, namuuliza ng'ombe, namuuliza watoto. Akishatulia ndo naita, "Minza, mgeni!"

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndo palipoharibika.

Kwenye kufungua TIN, ile namba ya mlipakodi, kuna mahali panataka namba ya simu. Na wachimbaji wetu laini wanabadilisha kama soksi. Wakisikia dhahabu imetoka sehemu mpya wanahama siku hiyo hiyo, na simu wanaiuza huko huko. Kina mama wengine simu ni ya mume, na mume hayupo.

Minza akaona anahangaika. Akaniambia, "Bibi, niweke namba yako? Wewe huendi popote."

Nikasema weka.

Akaweka kwa mmoja. Akaweka kwa wa pili. Ikawa ndo mtindo, kila asiyekuwa na namba ya kueleweka akaandikiwa ya Bibi.

Ikawa hivi: Minza akitaka kuingia kwenye akaunti ya mtu, mfumo unatuma OTP, zile namba za kuhakikisha. Zinakuja kwangu. Simu yangu ya tochi inalia, naivuta kifuani, natangaza kutokea barazani, "Tano! Sifuri! Mbili!" Minza ndani anagonga kompyuta.

Wakuu, niliipenda ile kazi! Darasa la pili mimi, na mtu mwenye karasha mbili hawezi kulipa kodi mpaka mimi niseme. Watoto wa jirani wakaniita Bibi Namba. Nikaitika.

Halafu ikafika ile asubuhi.

Bomba lilikuwa halitoi maji, nikaenda kisimani. Simu nimeifunga kwenye pindo la kanga, hapa kifuani, kama siku zote. Nikainama kuvuta ndoo. Pindo likalegea.

Chubwi.

Nilisimama naangalia chini. Masika yale, kisima kimejaa, cheusi tii. Vijana wa duarani, wale wachimbaji, waliokuwa wanapita wakasema, "Bibi tushuke, sisi mashimo tumezoea." Nikawakatalia. Kisima kile kina hewa mbaya, na mimi sitaki mtu afe kwa ajili ya simu ya tochi.

Nikarudi nyumbani bila simu na bila maji.

Minza akacheka. "Bibi, laini si tunairudisha tu? Unaweka kidole, wanakupa nyingine, tunaenda kula chipsi."

Hajamaliza kucheka, Mama Doto akaingia.

Mama Doto ni wa siku nyingi, mimi ananiita mayu, yaani mama. Tuligonga mawe pamoja enzi zile, mimi na yeye tumekaa chini kwenye karasha moja na nyundo, tunavunja mawe yawe kokoto. Baadaye yeye akaingia kwenye biashara ya kuku na mboga, akafanikiwa. Mdomo hakuuacha karashani, alihama nao. Siku anafunguliwa TIN hakuwa na simu, naye akaandikiwa namba yangu.

Siku hiyo kuna kampuni inayopikia wafanyakazi wa mgodi ilikuwa inatafuta wa kuwapelekea kuku. Karatasi zake zote zilikuwa tayari. Imebaki moja, cheti cha kuonyesha hadaiwi kodi, wenyewe wanaita tax clearance. Na mwisho wa kupeleka ni kesho mchana.

"Minza mwanangu, nitolee hicho cheti niondoke. Kuku wamejaa bandani, wanakula kuliko mimi. Nikikosa hii kazi, wao ndo watanila."

Minza akafungua kompyuta. Akaandika password. Mfumo ukasema OTP imetumwa.

Simu ya kulia haipo.

Minza akanitazama. Mimi nikatazama njia ya kisimani.

Tukamweleza. Mama Doto alisikiliza mpaka mwisho, akashika kiuno.

"Kwa hiyo TIN yangu mimi iko kisimani?"

Minza akafunika kompyuta.

"Nauliza tena. Kuku ni wangu, banda langu, jina langu. Ila namba ni ya mayu, na mayu kaipa chura?"

Nilitaka kucheka, ila nilimwona Minza usoni. Uso wa mtoto umekuwa kama majivu. Hapo ndo na mimi hofu ikaniingia. Siyo Mama Doto peke yake. Ni wote wale walioandikwa kwangu. Ikijulikana, nani ataleta karatasi zake tena kwenye sebule ile? Hapa kwetu jina likishaharibika huna pa kulipeleka kulitengeneza.

Tukapanda gari la Kahama, sisi watatu. Tukagawana. Mama Doto akaenda ofisi ya kodi kujaribu kubadilisha namba mwenyewe na kitambulisho chake. Mimi na Minza tukaenda duka la laini.

Binti wa kaunta alikuwa na adabu, Mungu ambariki. "Shikamoo bibi, weka kidole gumba hapa."

Nikaweka. Mashine ikalia vibaya. Taa nyekundu.

Kingine. Nyekundu.

Akaniambia nikanawe. Nikanawa. Akaniambia nijifute vizuri. Akanipaka mafuta, akayafuta. Minza akanipulizia vidole kama mtoto aliyeungua. Nyekundu.

Binti akauinua mkono wangu kwenye mwanga, akaugeuza geuza.

"Bibi, vidole vyako havina mistari."

Wakuu, mnajua kuambiwa hivyo na mtu mzuri tu, hana nia mbaya? Nikaangalia vidole vyangu. Kweli. Laini kama jiwe la mtoni.

Ni nyundo. Ni yale mawe. Miaka yote ile mkono mmoja unapiga, mwingine unashika jiwe lisiruke. Ndiko alikotoka baba yake Minza kwenda shule, ndiko alikotoka Minza. Sikujua kama kumbe mashine itakuja kunidai mistari.

Minza akauliza, "Kwani laini hii ilisajiliwaje mwanzo?"

Nikamwambia alinisajili kijana mmoja chini ya mwamvuli, siku ya gulio, alijaribu hiki na kile mpaka ikakubali. Kilichokubali sikumbuki. Nilikuwa naangalia nyanya.

Binti akaguna. "Bibi, tumejaribu sana. Imebaki mara moja. Ikikataa tena mfumo unafunga mpaka kesho."

Kesho! Kesho ndo siku yenyewe.

Nikakaa kwenye benchi. Minza akawa anampigia Mama Doto, na sauti ya Mama Doto niliisikia mpaka pale nilipokaa: "Huku mfumo umelala! Tumeambiwa tusubiri! Nasubiri nini, kuku wazeeke?"

Baadaye kidogo akaingia dukani mwenyewe, jasho linamtoka, viatu mkononi. Nikajua leo natukanwa mbele ya watu.

Minza akamweleza habari ya vidole. Mama Doto akaweka viatu chini. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akashika mikono yangu, akaiangalia. Halafu akaangalia ya kwake. Ilikuwa ile ile, ila yake imepakwa rangi kucha.

"Mayu, ulikuwa unapigia kulia."

"Ndiyo."

"Kushoto ndo unashikia."

"Ndiyo."

Akafika kwenye kidole changu cha mwisho cha kushoto. Hiki kimepinda. Nikiwa binti nachunga, kamba ya ndama ilinizunguka kidole, ndama akachomoka mbio. Kilipona hivyo hivyo, kimesimama, hakikunjiki wala hakilali. Binti wa kaunta alikiruka kwa sababu kwenye kioo cha mashine hakikai.

Mama Doto akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Si ndo kile kidole msimamizi?"

Hapo na mimi nikakumbuka. Karashani walinitania hivyo. Walisema, wenzake wote wanafanya kazi, chenyewe kimesimama kinawaangalia.

"Hiki hakijawahi kushika jiwe, mayu! Mvivu mkubwa huyu! Mistari yote iko hapa!"

Binti akasogea, akakiangalia. Akasema kweli kina mistari. Ila hakitalala kwenye kioo.

Mama Doto akasema, "Basi kisilale. Lete mashine kwake."

Binti akachomoa kile kimashine kwenye kishikizo chake, kikabaki kinaning'inia na waya. Minza akanishika bega. Mama Doto akanishika kifundo cha mkono, amekaza utadhani anachinja kuku. Binti akakigeuza kichwa chini miguu juu, akakileta polepole mpaka kikagusa kidole.

Sikuangalia. Nilifumba macho na nilimwita Mama Maria kwa majina yake yote.

Nikasikia kimlio kingine, kitamu.

Kijani.

Wakuu, duka zima lilipiga makofi, hata waliokuwa wamekuja kununua vocha. Mama Doto alikibusu kidole, mbele za watu!

Tukasubiri laini iamke, tumekaa benchini, tumeweka laini kwenye simu ya Minza, tunaiangalia kama uji unaotaka kufurika. Ilipokubali, Minza akafungua mfumo, nao ulikuwa umeshaamka, kwenye kompyuta ya duka la jirani. Simu ikalia. Nikazisoma namba, nikarudia mara mbili nisije nikakosea.

Cheti kikatoka. Mama Doto akakikunja, akakiweka pale ambapo mimi niliweka simu, akakumbuka, akakitoa haraka akakitia kwenye mkoba. Kesho yake kabla ya mchana alikipeleka. Kazi ya kuku kaipata.

Sasa somo, ila somo la bibi, msitegemee kubwa.

Wewe mwenye duka, mwenye bodaboda, mwenye karasha. Kesho nenda kaulize TIN yako imeandikwa simu ya nani. Usikute iko kwa fundi wa stationery aliyehama, au kwa shemeji uliyegombana naye. Ya kwako iwe kwako. Na mabibi wenzangu mliogonga mawe au kulima sana, jueni mapema kidole chenu kinachofanya kazi, mkitunze.

Minza aliwaita wateja wote mmoja mmoja, akawabadilishia kila mtu namba yake. Alifanya vizuri. Ila sitadanganya, siku zile za mwanzo nilikuwa nakaa barazani na simu mpya kifuani, hailii. Nilijiona nimestaafishwa.

Juzi ikalia. Mama Doto, anapiga kelele yuko bandani, kuku nyuma yake wanapiga kelele zaidi.

"Mayu! Zile namba zimekuja kwangu! Minza anazitaka ila simu yake inatumika! Nikusomee, umtangazie kama zamani?"

Nikamwambia subiri nikae vizuri.

"Haya," nikasema, "soma polepole."

Wabeja sana, asanteni, kwa kunisikiliza. Nanyi semeni, mashine imeshawahi kuwakataa vidole? Mlifanyaje? Andikeni, Minza atanisomea jioni akifunga ofisi.

NYONGEZA: Aliyeuliza kuhusu simu, bado imo kisimani. Ndiyo, maji tunakunywa. Tunachemsha.