Landrova Yenye Chaji Kwenye Bodi

Fundi Hyasinta wa Nyasura, Bunda, alianza kazi kwa kuchaji betri za wavuvi wa dagaa kule Kisorya, hata platini hajui ni nini. Siku hizi umeme wa gari kuukuu ukigoma, watu wanampelekea yeye. Lakini asubuhi ile alipoletewa Landrova ya Mzee Magige kutoka Butiama, ikivutwa na trekta, alichoka kabla hajaigusa. Nyuma yake ilifuata Fuso ya wanunuzi wa skrepa, mtungi wa gesi ya kukatia chuma umesimama wima juu yake.

"Fundi, leo ndiyo mwisho," alisema Danford, mtoto wa mzee. "Isipowaka, hawa wanaikata hapa hapa."

Mzee Magige alipanda akakaa kwenye usukani, kama vile wakiikata wamkate na yeye.

Platini za gari hiyo, vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa plagi, zilikuwa zimekwisha na mpya hazipatikani. Danford akanunua kifaa cha elektroniki cha kufunga ndani ya distributa badala yake. Fundi mmoja wa Musoma akakifunga: waya mweusi, wa hasi, kwenye bodi, mwekundu, wa chanya, kwenye swichi. Kikaungua palepale, hata starta haijapigwa. Wakasema ni feki. Sasa Danford alikuwa na cha pili mkononi, na cha tatu hakipo.

"Mama, fanya haraka!" Mugeta, bosi wa skrepa, alipaza sauti toka juu ya Fuso. "Hiyo ni sufuria, yenyewe tu haijajua!"

"Na ndevu zako ni brashi, zenyewe tu hazijajua," Hyasinta akamrudishia.

Mafundi pale hupimaga umeme kwa balbu ndogo yenye waya mbili. Ya Hyasinta ilikuwa imepasuka jana yake, kwa hiyo akachomoa kitaa cha LED kwenye taa mbovu ya kuvulia dagaa. Akabana waya mweusi kwenye bodi, mwekundu akaugusisha kwenye waya wa swichi. Giza.

"Hapa umeme hakuna," akasema.

Mzee akabonyeza honi. Ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Hyasinta akaduwaa. Honi inalia, kitaa hakiwaki? Akagusa tena. Giza. Akageuza waya kwa kuhangaika tu, mwekundu kwenye bodi. Kitaa kikawaka mpaka kikamchoma macho. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Yesu na Maria! Bodi ndiyo chanya!"

"Bodi ndiyo nini?"

"Gari lote hili, Danford! Milango, bampa, mpaka kiti cha baba yako, vyote viko upande wa chanya badala ya hasi! LED inawaka upande mmoja tu. Balbu ya kawaida inawaka popote, ndiyo maana Musoma hawakuona. Kile kifaa kilifungwa kinyume!"

"Mbona ilikuwaga hivyo tangu naichukua," akasema Mzee Magige, akiwashangaa wanavyoshangaa. "Nikadhani zote ziko hivyo."

Mugeta alishuka, akagusa bampa kwa kidole kimoja, akakitoa upesi.

Hyasinta akageuza betri, akabadilishanisha waya mbili za koili, akaigusisha dainamo umeme kidogo, cheche ikaruka, ili nayo ichaji upande mpya. Akapima: mweusi kwenye bodi, kitaa kikawaka. Ndipo akafunga kifaa. Kikiungua na hiki, mtungi wa gesi ule pale.

"Washa, mzee."

Injini ikashika mara moja, ikanguruma. Moshi wa kuungua hakuna. Danford alishika kichwa kwa mikono miwili. Mugeta alimtazama Hyasinta kama mtu aliyefufua maiti.

Mzee aliingiza gia, akatoka getini kushika njia ya Butiama, bonet ikiwa wazi imemziba mbele, na Danford mbio nyuma yake:

"Baba! Bonet! Baba, huoni mbele!"