Nyuma ya Suti Zake

Kwa majuma matatu nyumba yetu ya Columbia Heights, huku ughaibuni, ilikuwa ya mazungumzo ya risasi tu. Mume wangu, ambaye kwao Kenya hakuwahi kushika hata manati, alikuwa amealikwa na wenzake wa kazini kwenda kuwinda kulungu Novemba. Halafu mtu akavunja kioo cha gari la jirani pale tunapoegesha, na bunduki ya kuwindia ikageuka pia kuwa ya kulinda nyumba. Alitaka moja ya kazi zote mbili, ile aina inayojipakia yenyewe kila ukifyatua. Kilichobaki, kwa maoni yake, ni kuchagua ukubwa wa risasi: .223, ile ndogo, au .308, ile kubwa.

Mimi nilitaka kujua kwanza kama tunaihitaji nyumbani kwetu. Hakuna aliyeniuliza.

Jambo lilipelekwa kwenye kundi la wanaume kwenye simu, kama tunavyopeleka harusi na matanga. Jumamosi shemeji yangu, aliyewahi kuwa polisi, akaja, akala chapati zangu tano, akatoa hukumu.

"Hiyo ndogo ni ya kufukuza ndege, bro. Chukua ile kubwa. Unashoot mara moja, story imeisha."

"Itakaa wapi?" nikauliza.

"Mama watoto, relax," mume wangu akasema. "Itakaa bedroom, kwa kabati, nyuma ya suti zangu. Nishapima na tepu, hata ile kubwa inatoshea."

"Utaifungia?"

"Mwizi akivunja mlango nianze kutafuta ufunguo? Na nani huingia bedroom yetu?"

Hapo damu ilinichemka. Alikuwa anafikiri kama yuko kwa mama yake, ambako mgeni huishia sebuleni. Hapa tuna miezi mitano ya theluji. Ibada ya nyumbani ikiwa kwetu, watu thelathini huvua makoti mlangoni, na makoti hayo hutupwa wapi? Juu ya kitanda chetu. Mume wangu mwenyewe ndiye huyabeba. Na wakati wa kuondoka ni watoto wanaotumwa kuyachambua.

Nilimwambia hayo kwenye gari tukielekea dukani. Akasema tutayaona mbele.

Muuzaji alikuwa mzee mpole. Alizilaza bunduki zote mbili kwenye kaunta na kueleza kwa utaratibu kwamba kwa kulungu ile kubwa inampa mtu uhakika zaidi, ingawa ndogo nayo inafaa ukilenga vizuri. Kwa nyumbani alipendekeza ndogo, kwa sababu ile kubwa hupita ukuta hadi kwa jirani.

"Na ndogo inapita kuta ngapi?" nikauliza.

Alinitazama kidogo. "Inategemea, mama. Nayo inapita."

Ukuta wetu wa jikoni ndio ukuta wa chumba cha mtoto wa jirani. Nikamtazama mume wangu, naye alikuwa ameinua ile kubwa begani, jicho moja amelifumba. Nilienda kumngojea garini, nimekasirika. Alitoka mikono mitupu, akisema bado anafikiria.

Jumapili iliyofuata ibada ilikuwa kwetu. Makoti yakapanda kitandani kama kawaida. Wakati wa kuondoka, mgeni mmoja akawa hamwoni binti yake wa miaka minne. Tuliangalia bafuni, tukaangalia hata nje kwenye theluji, na yule mama akaanza kulia. Mume wangu ndiye aliyempata. Mtoto alikuwa amejificha kabatini, nyuma ya suti, akicheka kwamba ameshinda mchezo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona jinsi mume wangu alivyobaki ameshika suti moja. Nikashukuru moyoni. Nilidhani mambo yameisha.

Wageni walipoondoka nikawa naosha vikombe, naye akaja akasimama karibu na friji.

"Nimefikiria sana," akasema. "Tuchukue ile ndogo."

Nilifuta mikono. Nikafungua droo, nikatoa ile tepu yake ya kupimia, nikaiweka mezani mbele yake.

"Nenda ukapime tena, Baba watoto," nikamwambia. "Safari hii upime na mtoto akiwa ndani."